Kwa Nini Mishubiri ya Porini Haikui Haraka

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mimea mingi, ukiwemo mchicha unaouzwa katika Soko la Buguruni, hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ukaa inayohitajika katika usanisinuru, yaani utengenezaji wa chakula kwa nguvu ya jua. Vitundu hivyo hivyo hupoteza maji.

Mishubiri ya porini hufanya kinyume. Hufungua vitundu usiku, joto linapopungua, na kuhifadhi hewa ukaa kama tindikali ndani ya seli. Kunapopambazuka vitundu hufungwa, na jua humalizia kazi.

Hata hivyo, si kila mmea unaotunza maji mwilini una utaratibu huo mmoja. Mnyaa unaopandwa kuwa uzio, ambao utomvu wake ni hatari kwa macho, una njia mbili: vijani vyake vidogo huvuta hewa ukaa mchana, ilhali mashina ya kijani huivuta usiku. *Portulaca oleracea*, gugu la majani manene linalotambaa viwanjani, hugeukia njia ya usiku wakati wa ukame tu.

Ubanaji huo wa maji una gharama: mishubiri mingi hukua polepole, na ule uliong'olewa porini haurudi kwa msimu mmoja. Kwa sababu hiyo, uvunaji holela ni tishio la kweli. Mishubiri ya porini ya Tanzania imo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES, hivyo kuisafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali. *Aloe vera*, unaooteshwa vyunguni majumbani, hauhusiki na sharti hilo.