Fomu Isiyomjua Muuza Ndizi

Muuza ndizi wa Keumbu, kando ya barabara ya Kisii kwenda Keroka, hushika kichwani bei ya asubuhi, deni la mteja na nauli ya mzigo. Mtu huyohuyo akikwama kwenye fomu ya serikali katika simu yake, tunakimbilia kusema hakusoma. Tunamwonea. Wa kuulizwa ni aliyeiunda fomu, na swali lenyewe ni la saikolojia kabla ya kuwa la kompyuta: je, aliijua akili ya atakayeijaza?

Mipaka ya akili hiyo imepimwa kitambo. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alionyesha kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu kama saba tu. Mwaka 2001 mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, akaishusha hesabu hiyo hadi karibu vinne. Tena, kutambua kilicho mbele ya macho ni rahisi kuliko kukumbuka kisichoonekana. Ukurasa unaomtaka mtu atoke, asome msimbo kwenye ujumbe, arudi na kuuandika huku wateja wakimwita, umepuuza yote hayo. Pia kuna jambo zito zaidi ya kumbukumbu. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya umma, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu kaya yake ili mchango wake ukadiriwe, asilimia 2.75 ya kipato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mtu asiyejua kwa nini anaulizwa habari za nyumba yake hujibu kwa hofu au kwa kubahatisha, na jibu la hofu huharibu hesabu ya pande zote mbili. Sentensi moja ya maelezo kando ya kila swali, kwa Kiswahili chepesi au Ekegusii, ingemtuliza.

Wapo wanaosema watu watazoea tu, kama walivyozoea M-Pesa. Lakini M-Pesa ndiyo ushahidi wa kinyume chake. Ilipojaribiwa mwaka 2005, ilikusudiwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Waliokuwa wakiijaribu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na waundaji wakawa na busara ya kuwafuata: mwaka 2007 ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Baadaye jina la mpokeaji likaanza kuonekana kabla muamala haujakamilika, kwa sababu jina tunalitambua mara moja, ilhali tarakimu kumi zinatuponyoka. Huduma ndiyo iliyowafuata watu.

Wengine watasema saiba, yaani vibanda vya intaneti, zipo, na vijana wa huko watamjazia. Ni kweli, na vijana hao wanasaidia sana. Ila anayejaziwa humkabidhi mtu baki nenosiri lake, nambari ya kitambulisho na habari za familia yake. Haki ya kutunza siri isiwe ya waliozoea kompyuta peke yao.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni kwamba maarifa haya haya hutumika kumnasa mtu. Kitufe cha kukubali mkopo hufanywa kikubwa chenye rangi kali, masharti yakafichwa chini kwa maandishi madogo. Ni silaha kweli. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zilikuja baada ya malalamiko mengi. Lakini anayeitambua hila hiyo upesi ni yule aliyesomea saikolojia, na hiyo ni sababu ya kumwajiri.

Gharama si kisingizio. Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alieleza kwamba kuwatazama watumiaji watano tu hufichua sehemu kubwa ya kasoro. Kwa hiyo nawaomba wakuu wa kaunti za Kisii na Nyamira: kabla ya kuzindua tovuti yoyote, waajirini wahitimu wa saikolojia, muwatume Keumbu sokoni wakae na wauzaji watano, wawatazame wakijaza bila kuwasaidia, kisha muirekebishe fomu.