Ujanja wa Simu na Kizazi cha Mnara

Katika maduka ya simu ya Kariakoo, kama yalivyo ya Mombasa, muuzaji aghalabu huisifu bidhaa yake kwa pumzi moja, akisema kuwa ni simu janja ya 4G, na mnunuzi huondoka akidhani kuwa sifa hizo mbili ni sifa moja, yaani simu huwa janja kwa kuwa ina 4G, au huwa na 4G kwa kuwa ni janja. Dhana hii imeenea mno, wala sababu yake haijafichika, maana mambo haya mawili yalitufikia wengi wetu siku moja, ndani ya kasha moja na kwa bei moja. Lakini usuli wake ni mbalimbali: ujanja umo ndani ya chombo kilichoko mkononi, ilhali kizazi, yaani hiyo 4G, ni cha mtandao, nacho hutaja kanuni ambazo kwazo chombo hicho na mnara wa kampuni hupashana habari kwa mawimbi ya redio.

Fundi aifunguapo simu janja hukuta ndani yake mitambo miwili yenye kazi zilizotengana. Wa kwanza ni kichakataji pamoja na kumbukumbu zake na mfumo wa uendeshaji, kama vile Android, na huo ndio wenye kupokea programu mpya, kuchora picha kwenye kioo na kutii kidole cha mwenyewe. Wa pili ni modemu, ambayo ni redio yenye akili yake mbali, na kazi yake yote ni kuutafuta mnara, kujitambulisha kwa mnara huo na kupeleka na kupokea yale inayokabidhiwa, bighairi ya kujua kama ni picha ya harusi au ni hati ya deni. Itoe laini simu hiyo, nayo itaendelea kupiga picha, kukokotoa hesabu na kufungua msahafu uliohifadhiwa humo. Uiunganishe na Wi-Fi ya nyumbani, itapeleka hata ujumbe wa WhatsApp, na hakuna mnara wa simu utakaokuwa na habari nayo. (Na hiyo 5G inayoonekana mwishoni mwa majina ya Wi-Fi nyingi si kizazi cha tano hata kidogo, bali ni masafa ya gigahezi 5.)

Tarehe ya vyombo hivi inalithibitisha jambo hili kuliko maelezo yoyote. Mwaka 1994 kampuni ya BellSouth ilianza kuuza nchini Marekani chombo kilichoundwa na IBM na kuitwa Simon, chenye uzito wa nusu kilo hivi na bei ya dola 899 kwa aliyefunga mkataba, ambacho kilikuwa na kioo cha kugusa, kalenda na kitabu cha anwani, na kiliweza kutuma faksi na barua pepe. Hata wengi wa wanaoandika habari za sanaa hii hukihesabu kuwa ndicho simu janja ya kwanza. Shani yake ni kwamba kilitumia mtandao wa kizazi cha kwanza, ule wa analojia uliofunguliwa Chicago mwaka 1983, ilhali kizazi cha pili, chenye kuigeuza sauti iwe tarakimu kabla ya kuirusha hewani, kilikwisha kuzaliwa huko Finland tarehe 1 Julai 1991, pale Harri Holkeri, aliyetoka katika uwaziri mkuu miezi michache kabla, alipopiga simu ya kwanza ya GSM.

Ikaja iPhone, iliyoingia madukani Marekani tarehe 29 Juni 2007 kwa vishindo ambavyo havijasahaulika, nayo haikuwa na 3G, ijapokuwa kizazi hicho kilikuwa kikiuzwa Tokyo na kampuni ya NTT DoCoMo tangu Oktoba 2001. Steve Jobs, mkuu wa kampuni iliyoiunda, alitoa udhuru kuwa vipande vya 3G vya wakati ule vilikula betri kupita kiasi, na udhuru wake ulikuwa wa kweli. Mwenye kushika sheria kwa ukali angeweza kusema kuwa hata ujanja wenyewe haukuwa umetimia, maana duka la programu za watu wengine halikufunguliwa hadi Julai 2008. Na kwa upande wa pili wa mizani iko Nokia 105 4G ya mwaka 2021, ambayo ni kitochi kitupu, chenye vitufe na kioo kidogo, lakini husema na mnara kwa kanuni za kizazi cha nne.

Jambo moja msomaji anaweza kulishuhudia mwenyewe. Aitazame alama iliyo juu ya kioo wakati simu inapoita: katika simu nyingi, khasa za bei nafuu, 4G hutoweka, ikaja H au E, na mazungumzo yakiisha hurudi mahali pake. Hiyo si hitilafu. Waliounda kizazi cha nne walikusudia kila kitu kipite kwa pakiti za data, wala hawakukitengea sauti njia yake ya pekee kama ile ya vizazi vilivyotangulia. Basi madhali simu, au kampuni, haijawezeshwa kuibeba sauti kwa pakiti hizo, mnara huiteremsha simu hadi 3G (hiyo H) au 2G (hiyo E) ili mazungumzo yapite.

Hivyo kizazi cha pili, kinachodharauliwa na wenye simu za bei kubwa, hakijastaafu kwetu. Huduma ya kutuma pesa ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, miezi mitatu kabla ya hiyo iPhone, na haikutaka ujanja wa simu wala 3G. Ilitosheka na menyu iliyomo ndani ya laini na ujumbe mfupi, ambao ni tunu ya kizazi cha pili tangu ule wa kwanza ulipotumwa Uingereza mwezi Desemba 1992. Kwingineko kimestaafishwa: kampuni ya AT&T, ambayo peke yake ilipewa haki ya kuuza iPhone ya kwanza nchini Marekani, iliizima 2G yake kuanzia tarehe 1 Januari 2017, na simu zile, pamoja na ujanja wake wote, zikakosa mnara wa kampuni iliyoziuza. Kitochi cha mwaka 2007, maadamu betri yake ingali hai, bado kinatuma pesa Nairobi.