Stata, R ama Python? Cheki Mfuko Kwanza

Wasee wa ekonomiksi kampo wanapenda kubishana lugha gani ya kukodi ndio moto. Manze, hizo ni story za jaba. Jiulize ni nani atafungua skripti yako kesho, halafu kama uko na doo.

Nataja doo juu Stata inauzwa. Imekuwa soko tangu 1985, na masonko wa risachi za mashinani bado wanaipenda mbaya. Ile ya dawa za minyoo Busia, shule 75, ya Edward Miguel na Michael Kremer, yule alibeba Nobel 2019? Mafaili za kurudia hesabu zake ni za Stata. Ukidai job kwa hizo projekti, lazima uijue. Stata ya kukraki chorea, siku ya kusabmiti ndio inakuzimia.

Ka umesota, anza na R. Ni ya bure, Ross Ihaka na Robert Gentleman waliiunda Auckland, New Zealand. Ukiweka pakeji inaitwa haven, faili ya Stata inafunguka tu. Ingine, fixest, inapiga regresheni mbio kuliko mat ya Rongai.

Python ni fiti ukidai kuvuna bei za vitu mtandaoni ama kusoma mahotuba mob za bajeti. Kwa ekonometriksi tupu, mi bado naweka R mbele. Julia waachie watu wa makro: New York Fed walihamisha modeli yao huko kutoka Matlab, 2015, wakitafuta spidi.

Na Excel? Bajeti ya renti, sawa. Lakini 2013, Thomas Herndon, mwanafunzi tu huko Massachusetts, alicheki shiti ya Excel ya pepa ya Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff kuhusu deni na ukuaji, akapata fomula imeruka nchi 5. Ukijumlisha na noma zingine za vile walipima, ukuaji wa nchi zenye deni kupita 90% ya pato la taifa ulitoka -0.1% ukafika 2.2%. Na wanasiasa washaibeba hiyo pepa kila mahali! Skripti nayo huacha kila hatua wazi, beshte yako anakushika mapema.

Ka bado umestaki, muulize supavaisa hutumia gani. Akisema Stata, usibishane, ye ndio anasaini. Ipige kwa mashini za kampo mchana, R utaisongesha usiku kejani.