Je, mwalimu huyu alisoma bure?

Mwezi uliopita alinijia ofisini mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye niliwahi kumfundisha. Kwa umri ni dada yangu mkubwa. Mimi humwita Mwalimu, naye alianza kuniita Daktari kabla hata sijaupata udaktari wenyewe. Baada ya kuamkuana na kuulizana hali za jamaa, alifungua mkoba wake akatoa bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwamo nakala ya shahada yake ya ualimu, barua tatu alizoandika kuomba kupandishwa cheo, na barua moja tu ya majibu. Majibu yenyewe yalikuwa ya sentensi mbili: ombi lake limepokelewa, na aendelee kusubiri.

"Daktari," aliniambia, "mkopo wa karo nimeumaliza mwaka jana. Mshahara ni ule ule. Niambie ukweli: nilisoma bure?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilimwagizia chai, tukazungumza mambo mengine, kisha akaenda zake kuwahi matatu. Hata hivyo, swali lake lilibaki ofisini, na ndilo linalonishikisha kalamu leo. Ninajua kwamba si lake peke yake. Huulizwa na vijana waliohitimu na ambao wamezunguka na vyeti vyao hadi soli za viatu zikalika. Huulizwa pia na wazazi waliouza shamba ili kulipa karo, na kila anayejiandikisha kwa masomo ya jioni baada ya kutwa nzima kazini.

Ili kulielewa swali hili, hatuna budi kukumbuka tulikotoka. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi kamili mwaka 1970, ndicho pekee kilichokuwa nchini. Aliyehitimu wakati huo hakuitafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta. Alirudi kijijini akafanyiwa karamu, na haukupita muda kabla ya wanakijiji kumwona akija na gari. Hapo ndipo ilipoota mizizi imani kwamba shahada na riziki ni kitu kimoja.

Mambo yamebadilika sana tangu hapo. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984 kufuatia mapendekezo ya tume ya Mackay ya mwaka 1981. Mwaka 1995 ikaundwa bodi ya kuwakopesha wanafunzi, na mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha masomo ya wanaojilipia wenyewe. Baada ya sheria mpya ya mwaka 2012, vyuo vishiriki vingi vilipewa hati za kujitegemea mwaka 2013, na sasa vyuo vikuu vya umma vimepita 30. Shahada si adimu tena kama lulu. Lakini imani ya wazee wetu haikutikisika. Tungali tunaitazama karatasi ile kana kwamba ni hundi inayongoja kupelekwa benki.

Mwalimu wangu naye alikuja chuoni na imani hiyo hiyo, na wala simlaumu. Alikuwa na cheti cha P1 na alikuwa ameshika chaki tangu mwaka 1990. Kwa miaka mingi, mwalimu wa cheti hicho aliyejipatia shahada alikuwa na hakika ya kupanda daraja. Kwa hivyo alikopa katika chama cha akiba na mikopo, akajiunga na masomo ya likizo. Wenzake walipokuwa wakipumzika mwezi Aprili, Agosti na Desemba, yeye alikuwa darasani kwetu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Alihitimu mwaka 2017. Mwaka uliofuata ikatolewa miongozo mipya ya vyeo vya walimu, na shahada pekee ikakoma kuwa ngazi ya moja kwa moja. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga.

Mtu akikomea hapo, atasema kwamba mama huyu kweli alisoma bure. Lakini mimi nilikuwapo darasani siku moja ya Agosti mwaka 2015, na niliyoyashuhudia siku hiyo hayamo katika bahasha ile ya kaki.

Siku hiyo nilikuwa nikifundisha fonolojia, yaani taaluma inayochunguza jinsi lugha inavyozipanga sauti zake. Mada ilikuwa kanuni moja inayopatikana katika baadhi ya lugha za Kibantu. Msomaji akitaka kuielewa, na aweke kidole kooni atamke sauti /g/, kisha atamke /k/. Sauti ya kwanza huzitetemesha nyuzi za sauti, na kwa hivyo tunaiita ghuna; ya pili haizitetemeshi, nayo tunaiita sighuna. Kanuni yenyewe yasema kwamba konsonanti mbili sighuna zikifuatana katika silabi zinazopakana, ile ya kwanza hugeuka ikawa ghuna. Inaitwa Sheria ya Dahl, kwa jina la mmishenari Edmund Dahl aliyeiona katika Kinyamwezi cha Tanzania, na aliyeipa jina hilo ni mwanaisimu Mjerumani, Carl Meinhof, mwaka 1903.

Hayo yote niliyaandika ubaoni kama nilivyoyaandika mwaka baada ya mwaka, kwa mifano ile ile niliyoirithi kutoka kwa mhadhiri wangu. Walimu wakanakili. Kisha mama huyu akainua mkono.

"Je, hii ndiyo inayowafanya watoto wangu waandike 'gutembea'?"

Nilimwomba aje mbele aeleze. Alichukua chaki, nayo mkononi mwake ilitii kuliko mkononi mwangu, akaandika safu mbili. Katika safu ya kwanza aliweka maneno ambayo wanafunzi wake wa darasa la tano, wote wa lugha ya Gĩkũyũ, huyaandika bila kosa: kuruka, kuimba, kunywa. Katika ya pili aliweka wanayoyakosea: gutembea, gukata, gucheka. Mtoto huyo huyo, katika sentensi hiyo hiyo, huandika "kuruka" sawasawa na "gutembea" kimakosa. Kwa miaka ishirini na mitano mwalimu alikuwa ameamini kwamba huo ni uzembe. Kama mtoto anaijua "ku", mbona asiiandike kila mahali?

Kisha, chini ya safu hizo, akaandika maneno ya lugha yake ya mama. Upande mmoja kũrĩma, kulima, na kũina, kuimba. Upande wa pili gũtema, kukata, na gũkinya, kufika. Alisimama akiutazama ubao. Hakuhitaji maelezo zaidi kutoka kwangu. Kila palipofuatiwa na sauti sighuna, "ku" ilikuwa imegeuka "gu". Kwingineko ilibaki vilevile. Watoto hawakuwa wazembe hata kidogo. Walikuwa wakiifuata kanuni ya lugha yao kwa uaminifu ambao hakuna mtu aliyewafundisha.

Aligeuka, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe nimekuwa nikiwachapa watoto kwa kutii sheria."

Darasa lilinyamaza. Kila mwalimu pale alikuwa na majina yake ya kukumbuka. Yeye alieleza kwamba kabla ya kiboko kupigwa marufuku mwaka 2001 alikitumia kwa makosa hayo, na baada ya marufuku aliwasimamisha wahusika nje ya darasa hadi kipindi kiishe. Baadhi yao, alisema, waliacha kabisa kuinua mkono katika somo la Kiswahili.

Nami nilinyamaza, kwa sababu yangu mwenyewe. Mimi pia ni mtoto wa lugha hiyo. Katika shule ya msingi nilichapwa kwa "gutembea", na mkono ulivyowasha siku hiyo naukumbuka hadi leo. Baadaye nikaenda chuo kikuu nikaisoma Sheria ya Dahl, nikaifanyia mtihani nikaipita, nikaajiriwa nikaifundisha kwa miaka sita. Hata siku moja sikuwahi kuiunganisha sheria ile na kiganja changu. Nilikuwa nimeipata karatasi. Maarifa yenyewe yalikuwa yakinisubiri hadi mwanafunzi wangu aje kunikabidhi.

Hapo ndipo ninapopata jibu la swali la elimu ya juu hutufanyia nini. Watu wengi hudhani kwamba mwalimu wa shule ya msingi huja chuoni kujazwa mambo asiyoyajua. Lakini mama huyu alikuja na hazina ya miaka ishirini na mitano: maelfu ya madaftari aliyoyasahihisha, na kila kosa akilikumbuka. Asichokuwa nacho ni njia ya kuyapanga hayo aliyoyaona ili yampe maana. Chuo kilimpa njia hiyo, na alipoipata, aliwaona upya watoto wake, lugha yake ya mama, na mwisho akajiona yeye mwenyewe. Kukua kitaaluma na kukua kiutu vilimjia kwa pamoja, asubuhi moja, kwa kipande kimoja cha chaki. Sijui ni cheo gani kinachoweza kumfanyia mtu hivyo.

Aliporudi shuleni alibadilisha ufundishaji wake. Badala ya adhabu, aliwapa wanafunzi jozi za maneno wayatamke huku vidole vikiwa kooni: koti na goti, kamba na gamba, koma na goma. Watoto walicheka walipotambua kwamba baba akivaa "goti" badala ya koti, hadithi inaharibika. Makosa hayakwisha mara moja, lakini sasa mtoto alijua anatafuta nini. Elimu bila amali, waliambizana wa kale, ni kama nta bila asali.

Kwa bahati mbaya, nchi yetu imekuwa hodari wa kuitenganisha karatasi na maarifa. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 tuliona jinsi vyeti vya baadhi ya wagombea vilivyofikishwa mahakamani. Tumeona pia vijana wetu, wengi wao werevu, wakikesha kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo. Biashara hiyo ilivuma kiasi kwamba Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 ya kuwaharamisha wanaoiuza. Tafakari ajabu hiyo: maarifa yanabaki kwa kijana wa Nairobi asiye na kazi, karatasi inakwenda kwa mtu wa ng'ambo asiyejua alichoandikiwa. Nasi wahadhiri tusijitakase. Zilipotolewa kanuni za mwaka 2014 za kututaka tuwe na shahada ya uzamifu, tulianza mbio, na si wote tuliojiuliza tunakwenda kutafiti nini. Wapo miongoni mwetu wanaosoma darasani maandishi yaliyogeuka manjano, kisha wakashangaa wanafunzi wakiingia na mwakenya katika chumba cha mtihani. Anayefundishwa kukariri ataiba cha kukariri.

Kuna watakaosema kwamba haya ni maneno ya mtu aliyeshiba. Watauliza: fonolojia italipa kodi ya nyumba? Pingamizi hilo lina uzito. Mtu hawezi kumwambia mwenye njaa ajivunie ukuaji wa akili yake. Tangu ulipoanzishwa utaratibu mpya wa kugharamia masomo ya chuo kikuu mwaka 2023, mzigo wa karo umekuwa gumzo katika nyumba nyingi, na mzazi ana haki ya kuuliza atapata nini. Lakini wanaotaka vyuo vikuu vifundishe tu yale yanayoombwa na waajiri wa leo husahau kwamba kazi nazo huzeeka. Kilichomsaidia mwalimu wangu ni uwezo wa kulitazama jambo alilolizoea na kuliuliza swali jipya. Karani, muuguzi na mkulima wanauhitaji uwezo huo sawa na profesa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Kwa hivyo ningependa sisi wahadhiri tuache kuwatazama watu wazima wanaokuja likizoni kama wateja wa karo tu. Wana mengi waliyoyaona, na somo lisilowapa nafasi ya kuyasema ni somo nusu. Nao waajiri, wasitosheke na kuhesabu vyeti wala kuvipuuza. Waende wakaone mtu anafanya nini tofauti tangu aliposoma. Mkaguzi ambaye angeketi nyuma ya darasa lile la tano kwa nusu saa angejua kama shahada ile ina thamani, na barua ya sentensi mbili isingehitajika.

Juma lililopita nilimpigia simu Mwalimu nikamweleza niliyoyaandika hapa, nikamwomba ruhusa ya kuyachapisha bila jina lake. Nilimwambia kwamba, kwa maoni yangu, hakusoma bure. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka.

"Hayo nayajua, Daktari. Sijuti kusoma. Lakini usisahau kuandika kwamba mshahara nao ni haki yangu."

Nimeandika, Mwalimu.