Kazi Isiyoandikwa Daftarini

Ndugu msomaji, hebu tuhesabu kazi za mama wa kijijini mkoani Iringa katika miaka ya ujamaa. Aliamka na jogoo la kwanza. Aliteka maji, akawasha moto, akafagia. Kisha alichukua jembe, akambeba mtoto mgongoni, akaenda shambani kwake. Siku nyingine alikwenda shamba la kijiji. Huko jina lake liliandikwa daftarini, maana mavuno yaligawanywa kwa kufuata kazi ya kila mtu. Jioni alirudi na kuni kichwani, akapika. Je, kazi za nyumbani nazo ziliandikwa? Hapana.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema waziwazi kuwa wanawake wa vijijini hufanya kazi sana, pengine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili. Na wanaume? Azimio lilisema nusu ya maisha yao wako likizo. Wanywaji wa ulanzi hawakufurahi kusikia hayo!

Lakini aliyeumia zaidi ni mtoto. Tumbo lake ni dogo. Hawezi kula ugali mwingi kwa mara moja kama baba yake. Lazima ale kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Sasa mama yuko shambani tangu asubuhi. Nani atampikia uji saa nne? Basi mtoto alikula asubuhi na jioni tu. Mahindi yalikuwa tele ghalani, na mtoto akakonda. Wengine walidhani amerogwa.

Mwaka 1983 mpango wa lishe ulianza Iringa, katika vijiji 168. Serikali iliuendesha pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Kila miezi mitatu watoto walipimwa uzito palepale kijijini. Mtoto akiwa na uzito mdogo mno, viongozi wa kijiji waliuliza: Anakula mara ngapi? Anabaki na nani? Hapo ndipo walipoziona saa za mama. Vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea watoto, na uji ukapikwa mchana. Watoto wenye utapiamlo mkali walipungua sana.

Na ile kazi isiyoandikwa daftarini? Mwaka huohuo wa 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliitazama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ikaamua kuwa kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango wa mke katika kuchuma mali ya ndoa.