Wapangaji wa Ngozi ya Pomboo

Mashua ikikaa majini muda mrefu bila kukwanguliwa, huota mwani na makombe. Pomboo anaishi humo humo maisha yake yote, na ngozi yake bado inang'aa. Siri moja inajulikana: tabaka la juu la ngozi yake hubanduka upesi ajabu. Kwa pomboo wale wenye pua ya chupa, tabaka hilo hubadilika kila baada ya saa 2 hivi, karibu mara 12 kwa siku.

Basi mtu angetarajia kukuta ngozi tupu. Wapi! Watafiti wakiipangusa kwa kijiti chenye pamba, kisha wakasoma vinasaba vilivyonaswa, hukuta bakteria wa aina nyingi mno, na si wale wale tu wanaoelea katika maji ya jirani. Inaelekea ngozi yenyewe huchagua wapangaji wake. Kwa nyangumi, binamu wa pomboo, jambo hili limepimwa mbali na mbali: mwaka 2014, kundi la Amy Apprill wa taasisi ya Woods Hole, Marekani, lilitangaza kwamba sampuli za nyangumi 56 wenye nundu, kutoka Atlantiki na Pasifiki, karibu zote zilikuwa na jamii mbili zile zile za bakteria, *Tenacibaculum* na *Psychrobacter*.

Upangaji huo una masharti, na la kwanza ni chumvi. Mvua kubwa ikimimina maji baridi katika ghuba au wangwa, seli za ngozi huvimba na kufa, vidonda vikafunguka, na kuvu, mwani na bakteria wageni wakavamia. Ndivyo ilivyowapata pomboo wa Gippsland, Australia, mwaka 2007. Wengine walikuwa na vidonda vilivyoenea hadi asilimia 70 ya mwili.

Je, pomboo hujitunza ngozi? Huko Bahari ya Shamu, upande wa Misri, mpiga mbizi na mwanabiolojia Angela Ziltener aliona mwaka 2009 jambo la kushangaza: pomboo walikuwa wakipokezana, mmoja nyuma ya mwingine, kujisugua kwenye matumbawe laini na sifongo. Hawakusugua popote tu. Walirudia aina zile zile, na aina fulani kwa sehemu fulani ya mwili. Watoto walitazama wakubwa kwanza.

Tumbawe likisuguliwa hutoa ute. Sampuli zilipopelekwa kwa mkemia Gertrud Morlock, Ujerumani, zilipatikana kemikali 17 zenye nguvu, baadhi zikizuia bakteria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Kuita hiyo dawa ni kukimbilia mbele ya ushahidi, maana hakuna kidonda kilichofuatiliwa mpaka kikapona. Hata hivyo, mnyama anayepanga foleni kwa ajili ya tumbawe moja na kulipita jingine hafanyi mchezo tu.

Pomboo hao wa Misri ni spishi ile ile ya Kizimkazi, Zanzibar. Kule Shamu, kujisugua hufanyika zaidi kati ya vipindi vya kulala, pomboo wakiwa wametulia mwambani. Kizimkazi, utafiti umeonyesha kwamba boti za watalii zikiwaandama, muda wao wa kupumzika, ambao kule Shamu ndio wa kujisugua, hupungua.