Kuakisi si Kunakili: Juu ya Diski Mbili za Seva

Makala haya yanakusudia kubainisha tofauti kati ya vitenzi viwili ambavyo mtunzaji wa seva hapaswi kuvichanganya: kuakisi na kunakili.

Kuakisi diski ya mfumo ni kuweka diski mbili katika seva moja, ili kila kiandikwacho katika ya kwanza kiandikwe papo hapo katika ya pili. Mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliuita mpangilio huu ngazi ya kwanza ya RAID. Diski moja ikifa, nyingine huendelea na kazi. Sharti ni kwamba programu ya kuwashia mfumo iwemo katika zote mbili. La sivyo, umeme ukikatika, seva huenda isiwake tena kwa diski iliyobaki.

Hata hivyo, kioo huakisi hata doa la usoni. Faili likifutwa kwa bahati mbaya, hufutwa kotekote. Moto nao huteketeza diski zote mbili pamoja. Nakala, kwa upande wake, yatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuhamisha. Basi nakala ya kweli ni ile iliyohamishwa.

Eneo la Beni limeshuhudia mauaji ya raia tangu Oktoba 2014, na watu wengi wamehama. Kwa hiyo, rekodi za masimulizi zilizomo Beni ziwe na nakala Butembo, na za Butembo ziwe na nakala Beni. Nazo zijaribiwe kufunguliwa mara kwa mara. Msimulizi aliyefariki harekodiwi mara ya pili.